Kidonda Kisichopona Kiulizwe: Saratani ya Ngozi katika Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari

(Mada kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na wahudumu wa wagonjwa, Mitole, Wilaya ya Kilwa)



1. KWA NINI HAKI NA AMANI IZUNGUMZE JUU YA KIDONDA

Huenda wako wanaojiuliza kimoyomoyo: Tume ya Haki na Amani ina shauri gani na vidonda? Tumezoea kuisikia Tume ikisema juu ya mipaka ya mashamba, urithi wa wajane, mahabusu wasiofikishwa mahakamani, na uchaguzi. Vidonda ni kazi ya zahanati.

Jibu langu ni fupi. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23, katika waraka wake juu ya amani duniani, alipotaja haki za mtu aliyataja matibabu sambamba na chakula, mavazi na makazi. Katiba ya nchi yetu nayo, katika ibara ya 14, inatambua haki ya kila mtu kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Na ibara ya 11 inataja msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Kwa hiyo mtu anapokufa kwa ugonjwa ambao ungaliweza kutambuliwa mapema, tena kwa njia isiyo ya gharama kubwa, hapo haki imevunjwa, hata kama hakuna aliyemnyanyulia mkono.

Tukumbuke habari ya Lazaro katika Injili ya Luka, sura ya 16. Yule tajiri hakumpiga Lazaro, wala hatusomi kwamba alimfukuza langoni. Kosa lake ni kwamba kila siku alipita mbele ya mtu mwenye vidonda, akaviona, akavizoea. Nasi twaweza kumkosea mgonjwa kwa namna hiyo hiyo: tunakizoea kidonda chake. Kimekuwa sehemu ya nyumba, kama mkeka na mtungi. Kila asubuhi kinafungwa, kila jioni kinafunguliwa, wala hakuna aulizaye kwa nini hakiponi.

Basi neno ninalotaka mwende nalo nyumbani ni hili moja: kidonda kilichotunzwa vizuri kwa miezi mitatu bila kupona yapasa kiulizwe. Na namna ya kukiuliza ni kukata kipande kidogo cha nyama yake na kukipima kwa darubini. Kusema tu, "Huyu ana kisukari, ndiyo maana haponi," si jibu mpaka hapo swali litakapokuwa limeulizwa.

2. KISUKARI NA MGUU

Kisukari si ugonjwa wa watu wa mijini peke yao, wala si ugonjwa wa wanene peke yao. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulikuta kwamba hata mtu mzima mmoja kati ya mia hakufika kwa kuwa na kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta wenye kisukari wapatao tisa katika kila watu mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Chunguzi hizo mbili hazikufanywa kwa namna moja, kwa hiyo tusizilinganishe kwa mizani ya duka. Hata hivyo mwelekeo wake hauna shaka, nanyi wenyewe mnauona.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mguu kwa njia mbili. Kwanza huua neva, yaani zile nyuzi zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Mguu unakufa ganzi. Mtu anakanyaga mwiba au kisiki katika shamba la ufuta na haoni uchungu. Anaendelea kutembea, na kidonda kinachimbika. Madaktari wa Dar es Salaam walieleza mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wasiamke hata kidogo. Pili, sukari huifanya mishipa ya damu kuwa myembamba na migumu. Damu haifiki vizuri vidoleni, na penye upungufu wa damu kidonda hakina cha kujijengea.

Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba kisukari huchelewesha kupona. Vidonda vingi vya miguu ya wagonjwa wa kisukari si saratani, nami sikuja hapa kumtia hofu kila mwenye kidonda. Nimekuja kwa sababu wako wachache ambao kidonda chao kimebeba ugonjwa mwingine chini ya jina la kisukari, na hao wachache ndio wanaopotea.

3. SARATANI INAINGIAJE?

Watu wengi hapa nchini wanaposikia saratani ya ngozi huwafikiria ndugu zetu wenye ualbino. Wana sababu ya kufikiri hivyo. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huunguzwa na jua, na saratani hutokea mahali panapopigwa na jua: uso, masikio, midomo, shingo. Kutokana na hilo limezuka wazo la hatari kwamba mtu mweusi mwenye ngozi kamili hawezi kupata saratani ya ngozi. Anaweza. Ila kwake aghalabu haiji kwa njia ya jua. Huja kwa njia ya kidonda cha zamani na kovu, na mara nyingi huja mguuni.

Iko milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kidonda chenyewe kugeuka. Mganga mmoja wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza mwaka 1828 juu ya vidonda vya namna ya pekee vinavyoota juu ya makovu. Na hata leo madaktari huiita saratani inayotokea katika kovu au kidonda sugu kwa jina lake. Tuielewe hivi: ngozi iliyojeruhiwa hujitahidi kujifunga kwa kuzalisha chembechembe mpya. Kidonda kisipofungika, kazi hiyo haikomi. Chembechembe zinazaliwa mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, katikati ya usaha na mwasho. Katika kuzaliana huko kusiko na pumziko, siku moja baadhi yake huacha kutii utaratibu wa mwili, zikaota ovyo. Hiyo ndiyo saratani. Wazee wetu waliokiita kidonda sugu "donda ndugu" walijua kwamba lina tabia ya kuishi na mtu kama jamaa yake. Sayansi inaongeza kwamba ndugu huyo akikaa mno huweza kumgeuka mwenyeji wake.

Mlango huo hauwahusu wenye kisukari peke yao. Wamo waliobakia na makovu ya kuungua moto utotoni, wenye uvimbe wa mfupa unaotoa usaha kwa miaka, na ndugu zetu waliopona ukoma lakini nyayo zao zimebaki na ganzi na vidonda. Katika mkoa wetu wa Lindi, ambako ukoma haujawa hadithi ya kale, tusiwasahau hao.

Mlango wa pili ni pale ambapo tangu mwanzo haikuwa kidonda cha kisukari, bali saratani iliyojifanya kidonda. Iko saratani ya chembechembe zinazotia ngozi rangi, iitwayo melanoma. Kwa watu weusi hupenda mahali pasipo na rangi nyingi: wayo, kiganja, na chini ya kucha. Huanza kama baka jeusi au mstari mweusi chini ya ukucha; baadaye hupasuka na kutoa maji na damu. Nyingine hazina weusi wowote, zina rangi ya nyama tu, na hizo ndizo zinazodanganya zaidi. Mwimbaji mashuhuri wa Jamaika, Bob Marley, aliugua kwa namna hiyo. Mwaka 1977 kilionekana kitu chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, kikadhaniwa kuwa ni jeraha la mpira wa miguu. Ilikuwa melanoma. Mwezi Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 36. Ikiwa kidole cha mtu aliyejulikana dunia nzima kiliweza kudhaniwa kuwa jeraha la mchezo, je, kidole cha mkulima wa Mitole kitakosa kudhaniwa kuwa kisukari?

Mlango wa tatu ni sakoma ya Kaposi, saratani inayojulikana sana Afrika Mashariki. Huanza kwa vivimbe vya rangi ya zambarau au nyeusi, mara nyingi miguuni, na mguu kuvimba. Ilikuwapo kwetu kabla ya UKIMWI, na UKIMWI umeizidisha. Nayo ikipasuka hufanana na kidonda cha kawaida.

4. USHUHUDA WA BUGANDO

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya vitabu vya Ulaya. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza letu la Maaskofu na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali, ilitazama upya wagonjwa wake wa saratani ya makovu na vidonda sugu waliotibiwa tangu mwaka 2001 hadi 2010. Madaktari wake walitangaza matokeo mwaka 2012. Walikuwa wagonjwa 56, na katika kila saratani tano za ngozi zilizoonekana hospitalini hapo, moja ilikuwa ya namna hii.

Karibu tisa katika kila kumi walipata saratani hiyo katika makovu ya moto. Mguu ndio uliokuwa mahali palipoathirika zaidi kuliko pengine popote. Kwa wastani ilipita miaka 11 hivi tangu mtu aumie hadi saratani ilipojulikana. Kati ya wote 56, ni 12 tu waliowahi kupandikizwa ngozi walipoumia. Waliobaki waliachiwa jeraha lijifunge lenyewe. Na zaidi ya wanane katika kila kumi walifika hospitali uvimbe ukiwa umefikia sentimita tano au zaidi. Theluthi moja hivi walikuwa tayari na saratani katika mitoki.

Ndugu zangu, uvimbe wa sentimita tano si kitu cha kujificha. Mtu ameutazama ukikua. Mke ameuosha. Watoto wameshika pua. Pengine mganga wa kienyeji ameupaka dawa, na mhudumu wa zahanati ameufunga bandeji. Wote waliuona, na bado ulifika sentimita tano. Ni kweli wagonjwa hao wengi walikuwa na makovu ya moto, si kisukari. Lakini mlango walioingilia ni ule ule wa jeraha lisilofungika, na mwenye kisukari ana sababu nyingi zaidi za jeraha lake kutofungika.

5. DALILI ZA KUTAMBUA

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa macho yenu ninyi mnaowatembelea wagonjwa majumbani ndiyo yanayotangulia kuona.

Kidonda cha kawaida cha kisukari kina tabia zake. Hukaa mahali panapobanwa au kukanyagiwa: chini ya kidole gumba, kwenye mto wa wayo, kisiginoni, au mahali kiatu kinapochubua. Aghalabu huzungukwa na sugu ngumu. Kingo zake ziko sawa au zimeshuka kuelekea ndani. Kikiondolewa uzito, kikasafishwa, na sukari ikadhibitiwa, huanza kupungua.

Kidonda cha kutiliwa shaka kina dalili hizi:

(a) Hakiponi ingawa kimetunzwa ipasavyo kwa miezi mitatu, au kilianza kupona kisha kikarudi nyuma bila sababu.

(b) Kingo zake zimeinuka, ni ngumu, zimejikunja kwa nje kama mdomo wa chungu.

(c) Kinaota nyama kwa juu badala ya kujaa kutoka chini, nyama yenye vinundu kama ua la koliflawa au kama uyoga.

(d) Kinatoka damu kwa kuguswa kidogo tu, hata kwa kubadilisha bandeji.

(e) Kinanuka harufu mbaya isiyoondoka hata baada ya kusafishwa na kutumia dawa za kuua vijidudu.

(f) Maumivu yanaanza mahali ambapo palikuwa na ganzi, au yanazidi. Lakini angalieni: katika mguu uliokufa ganzi, kukosa maumivu si dalili ya usalama.

(g) Kiko mahali pasipokanyagiwa wala kubanwa, ambapo hatukutarajia kidonda cha kisukari.

(h) Kuna weusi, zambarau au mstari mweusi ukingoni mwake au chini ya ukucha wa jirani.

(i) Mitoki ya kinenani imevimba na kuwa migumu. Mitoki huweza kuvimba kwa usaha pia, lakini nayo iulizwe.

Dalili moja peke yake haithibitishi saratani. Hakuna jicho, hata la daktari bingwa, linaloweza kuthibitisha. Ila dalili hizo zinatosha kutupa haki ya kuuliza.

Ili tusibishane kuhusu kama kidonda kinapungua au kinakua, tumieni uzi. Kila baada ya majuma mawili pimeni urefu na upana wake kwa uzi safi bila kugusa nyama, mwandike tarehe na kipimo katika daftari la mgonjwa. Kidonda cha mguu kinachotunzwa vyema hutarajiwa kupungua kwa takribani nusu ya eneo lake katika majuma manne. Kisipofanya hivyo, matunzo yachunguzwe upya: Je, sukari imeshuka? Je, mgonjwa bado anakikanyagia? Je, damu inafika mguuni? Je, kuna mfupa uliooza? Na ikifika miezi mitatu, kipande kikatwe. Penye dalili nilizozitaja hakuna haja ya kungoja hiyo miezi mitatu.

6. KIPANDE KINACHOSAFIRI BADALA YA MTU

Wengi huogopa kukatwa kipande. Husemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma hukasirika na kuenea. Woga huo unatokana na jambo lililoonekana vibaya: watu huenda kukatwa wakiwa wamechelewa sana, kisha wanakufa, na kisu kinabebeshwa lawama ya ucheleweshaji. Kipande kinachokatwa ni kidogo, hukatwa kwa sindano ya ganzi, na mganga huchukua vipande zaidi ya kimoja, hasa ukingoni, kwa kuwa kipande kimoja cha katikati huweza kutoa nyama iliyooza isiyosema kitu. Kwa mgonjwa wa kisukari mganga atapima kwanza kama damu inafika vizuri mguuni. Hiyo ndiyo sababu kazi hii ifanywe hospitalini, wala isijaribiwe mahali pengine.

Nataka mlitambue jambo moja ambalo lina faida kubwa kwa watu wa mbali kama sisi. Toka hapa hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Barabara ni bora kuliko zamani. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 hatungoji tena kivuko cha Rufiji. Lakini Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, tuliona jinsi mvua zilivyoikata barabara hiyo hiyo ndani ya wilaya yetu ya Kilwa, na mabasi yakakwama. Mgonjwa mwenye mguu uliooza hawezi safari za namna hiyo mara kwa mara. Lakini kipande cha nyama kilichohifadhiwa katika chupa yenye fomalini chaweza kusafiri badala yake. Hakiozi njiani. Mgonjwa anabaki kwake, akiendelea kutunzwa, na kipande kinakwenda kwenye maabara.

Njia yetu inaanzia zahanati au kituo cha afya, inapita Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, na kuendelea hadi Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Kusini zipo pia hospitali za Kanisa, Mtakatifu Walburga ya Nyangao na Mtakatifu Benedikto ya Ndanda, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mtwara. Mwisho wa njia ni Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Hata hivyo chupa huweza kupotea, na majibu huweza kukaa kabatini. Kwa hiyo mwulizeni mganga maswali manne, kwa adabu na bila woga: Kipande kimepelekwa wapi? Kimepelekwa tarehe ngapi? Majibu yatarudi lini? Nani atatupa habari? Majibu yake yaandikwe katika daftari la mgonjwa. Mganga mwema hachukizwi na maswali hayo.

7. MATIBABU NI KITU GANI

Saratani ikitambuliwa ingali ndogo, huondolewa yote pamoja na ukingo wa nyama nzima, na pengine ngozi hupandikizwa. Mtu anabaki na mguu wake. Ikiwa imeingia mfupani au imeenea sana mguuni, pengine itabidi sehemu ya mguu ikatwe. Hilo ni jambo zito, nasi tusilifanye jepesi kwa maneno. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu aliyekatwa mguu na kupona aweza kuketi na wajukuu wake, kulinda shamba lake, na kutoa shauri barazani. Ikiwa imeenea mwilini, bado kuna kazi: kuondoa maumivu, kupunguza harufu, kumpa mgonjwa heshima ya kufa bila mateso yanayozuilika. Dawa za maumivu makali zipo, na kuziomba si ukosefu wa imani.

8. VIZUIZI NA WAJIBU WETU

Kizuizi cha kwanza ni aibu. Kwa sababu ya harufu mgonjwa hutengwa chumba cha uani, na wageni hupungua. Wengine hunong'ona kwamba ametupiwa kitu, na jirani asiye na hatia hutazamwa vibaya. Hapo kidonda kimoja kinazaa dhuluma mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumuiya imtembelee mtu huyu, imsaidie kusema, na ikomeshe minong'ono.

Kizuizi cha pili ni fedha. Mwulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali juu ya msamaha wa gharama kwa wazee na wasiojiweza. Ni utaratibu wa Serikali, si hisani ya mtu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni wajibu wetu kuuliza katika mikutano ya kijiji namna itakavyowafikia watu wa huku. Na jumuiya isiache kuchanga nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake.

Kizuizi cha tatu ni mgongano wa dawa. Simdharau mganga wa jadi. Wengi ni watu wa huruma. Ninamwomba tu akubali kanuni ya miezi mitatu kama sisi, na asiweke juu ya kidonda majivu, mafuta ya taa au kitu kinachounguza. Nasi tulio Wakristo tusimwache mgonjwa achague kati ya sala na hospitali. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kumwomba Mungu, vyote viwili kwa pamoja.

Kizuizi cha nne ni uchovu wa wanaotunza, ambao karibu daima ni wanawake: mke, binti, mkwe. Mama anayeosha kidonda kwa miaka mitano ndiye anayekijua kuliko daktari yeyote. Akisema, "Siku hizi kimebadilika," asikilizwe. Neno lake hilo lina uzito wa kipimo.

Na kinga ni bora kuliko yote haya. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, au mtoto amkagulie; asitembee peku; avae viatu visivyobana; alale penye chandarua kilichochomekwa vizuri, kimkinge na panya kama kinavyomkinga na mbu; wala asijikate sugu kwa wembe. Mtoto aliyeungua moto apelekwe hospitali mapema, ili kidonda kisiachwe wazi kwa miezi na kovu lisije likamdai akiwa mtu mzima.

9. HITIMISHO

Ndugu zangu, hatuombi mambo makubwa. Hatudai kila zahanati iwe na daktari bingwa kesho. Tunaomba uzi, daftari, chupa yenye dawa, na mtu wa kuuliza majibu. Maskini anapofungwa bandeji miaka mitano bila swali lolote kuulizwa, amepewa kitambaa, hakupewa matibabu. Msamaria katika Injili aliosha majeraha na kuyafunga, kisha hakuishia hapo: alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akaahidi kurudi kuulizia. Huko kurudi kuulizia ndiko ninakowaombeni.

Mungu awabariki, awape macho ya kuona na ujasiri wa kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani wenye kidonda au kovu linalofunguka, lililodumu zaidi ya miezi mitatu? Nani atawatembelea juma hili?

2. Ni maneno gani yanayosemwa hapa kwetu juu ya vidonda visivyopona? Lipi katika hayo linamsaidia mgonjwa, na lipi linamdhulumu?

3. Tukiwa na mgonjwa wa kupelekwa Kinyonga kesho, nauli itatoka wapi, na nani atamsindikiza?

4. Tutamwomba mhudumu wa zahanati yetu na mwenyekiti wa kijiji jambo gani hasa, na kabla ya tarehe gani?